Bei Ikianguka, Tazama Mti Kwanza



Kila msimu wa karafuu unapokwisha na fedha zikaingia mikononi, maswali huwa mengi kuliko fedha zenyewe. Mmoja huuliza kama ni afadhali kununua ng'ombe, mwingine kumaliza nyumba, mwingine kuweka ada za skuli za watoto. Siku hizi liko na swali ambalo wazee wetu hawakuliuliza: je, yafaa kununua hisa? Na wale waliokwisha kununua huuliza swali gumu zaidi: bei ya hisa zangu imeanguka, niuze, au ningoje?

Somo hili halimwambii mtu anunue hisa gani wala auze gani. Twapenda kueleza jinsi watu wa kawaida, wasio matajiri wala madalali, wanavyofanya soko linapoanguka na linapoinuka tena, na kwa nini wengi wao hupata hasara mara mbili: mara ya kwanza bei ikishuka, na mara ya pili bei ikipanda. Tumechagua mfano wa milima ya Usambara, bara, upande wa Tanga. Mfano huo ni wa miti na mashamba, nasi ni watu wa miti na mashamba; kwa hivyo tutaufahamu upesi.

HISA NI KITU GANI?

Chukua shamba la mikarafuu mia. Mwenyewe hana fedha za kulipalilia wala za kuwalipa wachumaji. Basi analigawa shamba lake katika sehemu mia, na sehemu hamsini anawauzia majirani. Kila sehemu ni hisa moja. Karafuu zikiuzwa na gharama zikitolewa, faida inayobaki hugawanywa kwa hesabu ya sehemu, na hilo ndilo gawio. Jirani akitaka fedha zake kabla ya msimu, hawezi kumwambia mwenye shamba amrudishie. Lazima atafute mtu mwingine wa kuinunua sehemu yake. Mahali wanapokutana wauzaji na wanunuzi wa sehemu kama hizo ndipo panapoitwa soko la hisa. Soko la namna hiyo liko Dar es Salaam. Liliundwa mwaka wa 1996, na biashara ikaanza mwezi wa Aprili 1998.

Sasa angalieni kwamba hapa pana vitu viwili. Kitu cha kwanza ni mikarafuu yenyewe, na mavuno yake. Kitu cha pili ni bei ya sehemu, nayo ni mapatano ya watu wawili sokoni. Bei yaweza kushuka tangu asubuhi hata jioni bila tawi moja kuvunjika shambani. Na mikarafuu yaweza kuanza kufa kwa maradhi huku bei ya sehemu inapanda, kwa kuwa wanunuzi hawajafika kulitazama shamba. Mtu asiyevitenga vitu hivi viwili atadanganyika katika kupanda na katika kushuka.

WATU WALIONUNUA MASHAMBA WASIYOYAONA

Mtu akiifuata reli kutoka Tanga hupita Muheza na Korogwe mpaka Mombo. Hapo Mombo barabara huanza kupanda mlima kwa kona nyingi mpaka Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Karibu na Lushoto pana mahali paitwapo Irente. Ukisimama pale ukingoni utaona chini yako tambarare kubwa, pamoja na mashamba ya mkonge ya upande wa Mazinde. Nchi hii yote, mlima na tambarare, iliwahi kubeba fedha za watu wengi wa Ulaya ambao hawakufika Usambara hata siku moja.

Kwanza ilikuwa kahawa. Tangu mwaka wa 1891 Wajerumani walifyeka msitu wa Usambara ya mashariki, huko Derema na kwingineko, wakapanda kahawa. Kampuni kama Usambara-Kaffeebau-Gesellschaft zilikusanya mtaji kwa watu Ujerumani. Hata reli ile ya Tanga ilianza mwaka wa 1893 kwa fedha za kampuni. Ilipofika Muheza mwaka wa 1896, fedha zilikuwa zimekwisha, na mwaka wa 1899 serikali ya Kijerumani ililazimika kuichukua. Mombo ilifikiwa mwaka wa 1905.

Kwa nini watu waliamini kahawa? Waliamini kwa sababu waliona msitu mkubwa wenye miti mirefu na mvua nyingi, wakadhani udongo ulio chini yake lazima uwe na rutuba isiyokwisha. Lakini udongo ule umeoshwa na mvua kwa miaka mingi sana, na rutuba ya msitu imo zaidi katika majani yanayoanguka na kuoza juu ya ardhi. Msitu ukiondolewa, rutuba hiyo haikai. Baada ya mavuno machache miti ilidhoofika. Wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1890, kahawa ya Brazil ilijaa duniani na bei ikaanguka.

Wale waliosema "tungoje bei irudi" walikuwa wanangoja bure. Bei ya kahawa ilirudi baadaye, kama ilivyo desturi ya bei, lakini miti yao haikuwa na nguvu ya kuzaa ili waifaidi bei hiyo.

MPIRA NA MWAKA WA 1910

Baada ya kahawa ukaja mpira. Baiskeli na motokaa zilikuwa zinaongezeka, na kila gurudumu lilitaka mpira. Katika nchi ya chini ya Usambara, pande za Muheza na Lewa na kwingineko, wenye mashamba walipanda mamilioni ya miti ya mpira wa aina ya Ceara. Mti huu hukua upesi na hustahimili ukavu. Aibu yake ni kwamba utomvu wake ni kidogo, kuugema kunataka kazi nyingi, na mpira wake ulikuwa ukiuzwa kwa bei ndogo kuliko ule wa mti wa Para. Mpira wa Para ulitoka Brazil. Mbegu zake zilichukuliwa mwaka wa 1876 kupelekwa Uingereza, na kutoka huko miche yake ikapelekwa Ceylon na Malaya, ambako mashamba makubwa yalipandwa.

Mwezi wa Aprili 1910 bei ya mpira London ilipita shilingi 12 za Kiingereza kwa ratili moja. Ndipo watu wakapatwa na wazimu. Kampuni mpya za mpira zilifunguliwa kila wiki. Ili mtu mdogo naye apate kuingia, kampuni nyingi zilitoa hisa za shilingi mbili tu. Makarani, wauza maduka na watumishi wa nyumbani walitoa akiba zao. Kampuni nyingine zilifunguliwa ili kununua mashamba ya Wajerumani huku kwetu Afrika ya Mashariki, na Wajerumani wenye mashamba waliuza kwa furaha kubwa. Yafaa tujiulize: mtu aliyeijua miti ile, aliyekuwa akiigema kila siku, kwa nini alikuwa tayari kuiuza? Karani wa London hakuuliza. Yeye aliona neno moja tu katika karatasi yake, neno "mpira", na alijua kwamba jirani yake amepata faida.

Huko Shanghai, Uchina, mambo yalikuwa vivyo hivyo, ila watu walizidi kwa kukopa. Bei ilipogeuka, benki za wenyeji zilizokopesha kwa ajili ya hisa za mpira zilianguka mwezi wa Julai wa mwaka uleule wa 1910.

Bei ya mpira iliendelea kushuka. Miti ya Para ya Malaya na Ceylon ilikuwa imekomaa, na mpira mwingi ukamiminika. Ulipofika mwisho wa mwaka wa 1913, mpira mzuri wa Para wa mashambani ulikuwa ukiuzwa kwa shilingi mbili na peni chache kwa ratili, na ule wa Ceara kwa chini ya hapo. Katika nchi ya Usambara gharama ya kugema ikawa kubwa kuliko bei ya mpira wenyewe. Wenye mashamba waliacha kugema na vibarua wakafukuzwa kazi. Baadaye miti ya mpira ilitoa nafasi kwa mkonge.

Sasa hapa ndipo penye somo. Katika mwaka wa 1910 walikuwako watu wawili London. Mmoja alikuwa na hisa za shamba zuri la Para huko Malaya. Wa pili alikuwa na hisa za shamba la Ceara chini ya Usambara. Bei za hisa zao zilipanda pamoja na zikaanguka pamoja. Katika gazeti, maanguko yao yalifanana kama mapacha. Lakini mti wa Para ulibaki ukitoa utomvu kwa gharama ndogo, na mwenye subira aliuona wakati mwema tena, kama vile mwaka wa 1925 bei ilipopanda sana. Mwenye hisa za Ceara angeweza kungoja mpaka leo. Hofu ya siku moja iliwapata wote wawili, na shauri la "ngoja" lingemfaa mmoja na kumwangamiza mwingine.

NAMNA NNE ZA WATU SOKO LINAPOANGUKA

Tukiyatazama masoko yote, ya zamani na ya siku hizi, twaona watu wa kawaida wakifanya mambo yaleyale.

Wa kwanza ni mfuata nyuki. Amesikia kwamba afuataye nyuki hula asali, lakini hakuuliza kama mzinga una asali bado. Huyu hununua bei ikiwa imekwisha kupanda, kwa kuwa kupanda kwenyewe ndiko kulikompa moyo.

Wa pili ni mwenye hofu. Bei ikishuka kidogo huvumilia. Ikishuka zaidi hukosa usingizi. Ikifika chini kabisa huuza, ili apate kupumzika. Ameuza usingizi wake kwa bei ya ghali. Bei ikianza kuinuka hasadiki. Husema, "Itaanguka tena." Inapokuwa imepanda kupita pale alipouzia, na majirani wamepata faida, ndipo hurudi kununua. Huyu ndiye anayepata hasara mara mbili tuliyoitaja mwanzo.

Wa tatu ni king'ang'anizi. Amenunua kwa shilingi 300, bei imeshuka hadi 100, naye ameapa: "Sitauza mpaka irudi 300." Ukimwuliza kampuni inafanya kazi gani sasa, ina deni kiasi gani, hajui. Anachokijua ni ile 300. Lakini soko halijui kwamba yeye alinunua kwa 300, wala halina deni kwake.

Wa nne ni aliyelazimishwa. Huyu huenda alichagua vizuri, na huenda anajua kwamba bei itarudi. Lakini alikopa ili anunue, au aliweka fedha za ada na za chakula. Mwenye deni anagonga mlango, na mtoto amerudishwa kutoka skuli. Anauza siku ile anayolazimika kuuza, na siku hiyo mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu wenzake waliokopa nao wanauza siku hiyohiyo.

Tusiwacheke watu hawa. Mkulima wa mboga wa Lushoto anawafahamu vizuri. Kabichi ikipata bei nzuri Dar es Salaam, mlima mzima hupanda kabichi. Zikikomaa pamoja, sokoni zinajaa na bei inaanguka. Msimu unaofuata wengi huziacha kwa hasira, kabichi zikaadimika, na aliyebaki akipanda kidogo kidogo hupata bei. Mtu huongozwa na bei ya jana ilhali mazao yake yatauzwa kesho.

HESABU YA KUSHUKA NA KUPANDA

Iko hesabu moja ambayo kila mwanachama yampasa aijue. Hisa ya shilingi 200 ikishuka mpaka 100, imepoteza nusu. Ili irudi 200, nusu haitoshi. Lazima ipande mara mbili. Ikishuka kutoka 200 mpaka 50, imepoteza robo tatu, na lazima ipande mara nne ndipo irudi. Basi shimo likizidi kina, ngazi ya kutokea huwa ndefu zaidi. Hii ndiyo sababu ya kutoweka fedha zote katika hisa za kampuni moja.

Tena muda wa kurudi haujulikani. Soko la New York lilianguka mwaka wa 1929, likaendelea kushuka mpaka mwaka wa 1932, na kipimo chake maarufu cha bei hakikurudi pale kilipokuwa mpaka mwaka wa 1954. Yaani miaka 25. Katika mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipotokea, bei za hisa huko Marekani zilianguka kwa theluthi moja katika muda wa wiki tano hivi, kisha kufika mwezi wa Agosti mwaka uleule zikawa zimekwisha kurudi. Siku ya anguko, mara ya kwanza na mara ya pili, hapana mtu aliyeweza kusema kwa yakini kama ni miezi au ni miaka.

MAMBO YA SIKU ZETU

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu wa zamani peke yao. Mwaka wa 2008 Serikali ya Kenya iliuza robo ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila hisa. Watu mamia ya maelfu waliomba, na wengi walikopa benki. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, kwa hivyo kila mmoja alipata sehemu ndogo tu ya alichoomba, na waliokopa wakabaki na riba ya kulipa. Biashara ilianza mwezi wa Juni, bei ikapita shilingi 7, kisha ikashuka. Mwanzoni mwa mwaka wa 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa aliuza kwa machozi. Lakini kampuni ilikuwa inaendelea kupata wateja na faida. Mwaka wa 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40. Na ili mtu asije akalewa, katika mwaka wa 2023 ilikuwa imeshuka tena chini ya 15.

Hapa Tanzania, benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa watu mwaka wa 2009 kwa shilingi 150. Bei ilipanda, na mwaka wa 2015 wenye hisa waliuziwa nyongeza kwa shilingi 350. Baadaye bei ikaanguka, hata ilipofika mwaka wa 2019 ilikuwa chini ya ile 150 ya mwanzo. Tuseme mwanachama alinunua hisa 1,000 kwa 350. Alitoa shilingi 350,000. Aliyeuza kwa hofu chini ya 150 alipata chini ya shilingi 150,000, na hasara yake ilipita shilingi 200,000. Aliyebaki nazo aliona gawio la shilingi 5 kwa hisa kwa mwaka wa 2017, na gawio la shilingi 50 kwa mwaka wa 2023. Na kufika mwaka huo wa 2023 bei ilikuwa imeipita tena ile 350.

Kwa mfano huu mtu aweza kusema, "Basi dawa ni kungoja daima." La. Huko Kenya ya magharibi, kampuni ya sukari ya Mumias ilikuwa na wenye hisa wengi, na baadhi yao walikuwa wakulima wa miwa. Bei ya hisa ilipoanza kushuka, waliongoja waliona ikishuka mpaka chini ya shilingi moja. Kiwanda kilikuwa na madeni mengi na miwa haba, na mwaka wa 2019 kiliwekwa chini ya msimamizi kwa ajili ya wadai. Hapo bei ilisema kweli: mti wenyewe ulikuwa mgonjwa. Aliyetaka kulijua hilo angelijua kwa kusoma hesabu za kampuni za kila mwaka kabla ya bei kumaliza kuanguka.

MKONGE, NA SWALI LA MNUNUZI

Turudi chini ya Usambara tulione jambo moja lililobaki. Mwaka wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika salama ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo kilitokea kilimo kikubwa kilichoishinda kahawa ya mlimani na mpira wa tambarare. Mkonge uliipenda nchi ile, haukuhitaji kubembelezwa. Wakati wa vita vya Korea, mwaka wa 1951, bei ya katani ilipanda kupita kiasi, na miaka miwili baadaye ikaanguka chini ya nusu. Wengi walihuzunika, lakini mimea ilikuwa mizuri na dunia ilikuwa bado inataka kamba; bei ikainuka tena baadaye.

Lakini katika miaka ya 1960 zilitokea kamba za plastiki. Safari hii mkonge haukuwa na kosa lolote shambani. Aliyeondoka alikuwa mnunuzi. Kwa hivyo mti mzuri peke yake hautoshi. Lazima pawe na mtu anayeutaka.

NA KARAFUU ZETU JE?

Sisi tunalijua somo hili kwa maisha yetu wenyewe, ingawa hatukuliita somo la hisa. Katika miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, aliyeumia zaidi ni mkulima aliyekuwa na deni. Mikarafuu yake ilikuwa mizima na ilizaa kama kawaida, lakini mavuno yalikuwa yamekwisha kuwa ya mkopeshaji yangali juu ya mti. Huyu ni yule mtu wa nne tuliyemtaja, aliyelazimishwa.

Katika miaka ya 1980 tulimpoteza mnunuzi. Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu nyingi kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilianza kujitosheleza kwa mashamba yake. Bei ikaanguka, na ikakaa chini muda mrefu. Walikuwako waliokata mikarafuu kwa kuni. Walikuwako walioacha shamba likawa kichaka. Na walikuwako waliopalilia kidogo kidogo, wakapanda migomba na mihogo kati ya miti ili wapate cha kula, wakangoja. Mwaka wa 2011 bei anayolipwa mkulima ilipopandishwa sana, aliyekata alianza kutafuta miche. Mkarafuu hutaka miaka sita hadi minane kabla haujaanza kuzaa. Aliyepalilia aliingia shambani na majamvi yake msimu uleule.

Tusimlaumu sana aliyekata. Watoto wake walitaka kula, na hapana aliyempa ahadi ya mwaka wa 2011. Tofauti kati yake na jirani yake ilikuwa migomba ile na mihogo ile. Jirani alikuwa na chakula kingine cha kumwezesha kungoja, na kwa hivyo hofu haikupata nafasi ya kumshauri.

MASWALI MATATU

Basi, mwanachama, bei ya kitu chako ikianguka, ikiwa ni hisa au karafuu, usiulize kwanza, "Watu wengine wanafanyaje?" Keti chini ya mti wako ujiulize haya matatu.

La kwanza: Je, mti ungali mzima? Kampuni inapata faida bado? Madeni yake yanaongezeka au yanapungua? Gawio linalipwa kutokana na faida au limekoma? Mwenye hisa anayo haki ya kupewa hesabu za kila mwaka na kuhudhuria mkutano mkuu. Zisome. Usipofahamu, mpe kijana wako aliyesoma, au zilete tawini zisomwe pamoja.

La pili: Je, mnunuzi yuko bado? Kitu kinachouzwa na kampuni hiyo kitatakiwa miaka kumi ijayo, au ni kamba ya mkonge mbele ya kamba ya plastiki?

La tatu: Je, mimi mwenyewe naweza kungoja? Fedha nilizoweka ni za ziada, au ni za ada, za dawa na za kuwalipa wachumaji msimu ujao?

Ikiwa mti ni mzima, mnunuzi yuko, na wewe waweza kungoja, basi kuanguka kwa bei hakujakunyang'anya kitu, na kuuza kwa hofu ndiko kutakakokunyang'anya. Ikiwa mti umeoza au mnunuzi amekwenda zake, uza hata kwa hasara, wala usingoje ile bei uliyonunulia. Na ikiwa wewe huwezi kungoja, kosa lilifanyika siku ya kununua. Kwa hivyo tulizuie siku hiyo.

Kwa kulizuia twashauri mambo manne. Usikope ili ununue hisa. Weka kwanza akiba ya kutosha msimu mmoja mzima usio na mavuno, maana akiba haiozi. Gawa fedha zako katika kampuni zaidi ya moja na kazi zaidi ya moja. Na siku unaponunua, andika katika daftari sababu ya kununua, kwa maneno yako mwenyewe. Kama unachoweza kuandika ni "bei inapanda" tu, ujue umekuwa karani wa London wa mwaka wa 1910. Bei ikianguka, fungua daftari usome. Sababu ikiwa hai, ngoja. Ikiwa imekufa, uza.

YA KUJADILIANA KATIKA MATAWI

1. Katika tawi letu, nani aliacha au alikata mikarafuu bei ilipoanguka, na nini kilimlazimisha? Nini kingalimsaidia kungoja?

2. Kwa nini mwenye shamba la mpira wa Ceara alikuwa tayari kuuza mwaka wa 1910? Tukiletewa leo kitu cha kununua kwa haraka, tumwulize muuzaji swali gani?

3. Mwanachama ana shilingi 500,000 baada ya msimu. Ana deni la duka la shilingi 150,000, na ada ya skuli ya shilingi 200,000 itatakiwa mwezi wa Januari. Je, ni kiasi gani anachoweza kukiweka mahali ambapo bei yaweza kushuka kwa nusu?

Hesabu ya swali hili la tatu ifanyeni kwa kalamu, msiifanye kwa kichwa. Mtaona kwamba fedha za kungojea ni chache kuliko tulivyodhani, na kwamba ni heri kulijua hilo mapema, bei ingali juu.

Tunawatakia msimu mwema na majamvi makavu.